Askari Naye Ana Kazi ya Kurudia

Mara nyingi hufikiriwa kwamba watu waliozuiwa kufanya kazi zao, siku mlango unapofunguliwa, wote hukimbilia kazini kwa furaha, na mambo yakawa kama yalivyokuwa. Yaliyotokea Busia na Tororo baada ya ugonjwa wa Korona yanatufundisha vingine. Watu walirudi kazini wakiwa na mioyo miwili, mmoja ukishukuru na mwingine ukisitasita. Leo tunataka kuliangalia jambo hilo pamoja na ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa sababu wao ndio walioshika kamba wakati wa kufunga, na wao ndio walioilegeza wakati wa kufungua. Tena tunaamini kwamba askari naye, ingawa hakukaa nyumbani hata siku moja, alikuwa na kazi yake ya kurudia.

Hatulisemi hili kwa nia ya kutonesha vidonda vya zamani. Maradhi ya kuambukiza hayajaisha katika nchi zetu. Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa ajili ya Ebola, na Januari 2025 Ebola ilitangazwa tena nchini Uganda. Ugonjwa wa mpox nao umevuka mipaka yetu pamoja na wasafiri. Huenda siku moja askari akaambiwa tena afunge njia. Ni vema ajue mapema kwamba kufunga ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Tuanze na kumbukumbu za tarehe, maana wengi wamekwisha zisahau. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Uganda ilifunga shule tarehe 20 Machi, mgonjwa wa kwanza akathibitishwa siku iliyofuata, na tarehe 23 Machi mipaka ilikuwa imefungwa kwa abiria. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Ile ya Uganda ilifuata siku chache baadaye, saa 1 usiku hadi saa 12 na nusu asubuhi. Saa hizo zilibadilishwa mara kadhaa. Uganda iliwafungulia abiria mipaka yake tarehe 1 Oktoba 2020, kwa sharti la cheti cha kipimo, lakini Juni 2021 maradhi yalipopanda ikafunga tena mambo mengi kwa siku 42. Kenya iliondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021, na Uganda ikaiondoa tarehe 24 Januari 2022. Kwa hiyo kwa miezi mitatu na zaidi, mji wa Busia ulikuwa na usiku wa aina mbili. Ng'ambo moja ya barabara watu walikula na kunywa hadi usiku, na ng'ambo ya pili mtu aliyeonekana nje saa hiyo hiyo alikuwa mkosaji.

Askari aliyeletwa kutoka mbali aliweza kuuona mpaka huo kuwa mstari tu wa kulindwa. Kwa wenyeji sivyo. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Mtu hulala Kenya akafanya kazi Uganda, akazikwa kwa mjomba wake upande wowote ule. Wilaya ya Busia ya Uganda yenyewe ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na Tororo imebaki na Malaba, mlango mkubwa wa barabara na reli itokayo Mombasa. Hata neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki yote, lilizaliwa katika mipaka hii, wenye baiskeli walipokuwa wakiwapakia watu kutoka boda moja hadi boda ya pili. Mwaka 2020, Uganda ilipoamuru kwamba bodaboda zibebe mizigo bila abiria, kazi hiyo ilisimama hata katika nyumba ilimozaliwa.

Basi ni akina nani waliorudi kazini, na walirudi kwa moyo gani?

Wa kwanza kutajwa ni madereva wa malori, ingawa wao hawakusimama. Wakati abiria wamezuiwa, shehena iliruhusiwa kupita, kwa kuwa Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki hazingeweza kuishi bila bandari ya Mombasa. Upimaji wa madereva ulipoanza mwezi Aprili 2020, malori yalijipanga kutoka Malaba kurudi nyuma kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya. Watu walilala siku kadhaa chini ya magari yao wakingojea majibu. Wengi walikutwa na ugonjwa, na hesabu zikatangazwa kila jioni redioni, mpaka jina dereva likawa sawa na jina gonjwa. Mei 2020 Serikali ya Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu ya wagonjwa wake. Katika miji ya njiani, watu waliokuwa wakiwauzia chakula kwa miaka mingi waliwakimbia. Mambo yalipotulia, mama lishe wale wale waliwakaribisha tena. Dereva alikula na kulipa, lakini hakusahau. Mtu aliyeitwa sumu akifanya kazi ya kulisha nchi tatu, hawezi kurudia kiti chake kwa moyo ule wa zamani.

Wa pili ni wachuuzi, na hasa akina mama. Hao ndio uti wa mgongo wa Busia. Huvusha dagaa, nyanya, mayai, mahindi, vitenge na mitumba, mzigo mdogo mdogo, mara mbili au tatu kwa siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwawekea utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta Februari 2018, kilikuwa kimeanza kuwazoesha kupita mlango wa mbele. Kisha mlango huo ukafungwa kwa mwenye kapu, ukaachwa wazi kwa mwenye lori. Wako waliochanga bidhaa zao na kuzipakia katika gari moja. Wako waliokaa nyumbani wakala mtaji wao hadi ukaisha. Na wako waliokwenda kwenye njia za panya, ambako walikutana na askari.

Mpaka ulipofunguliwa tena Oktoba 2020, mchuuzi aliona kwamba gharama ya kipimo ilikuwa kubwa kuliko faida ya kapu lake. Mlango ulikuwa wazi, lakini haukuwa wake. Ndiyo maana wengi waliendelea na njia za panya hata baada ya amri kulegezwa. Tusiseme upesi kwamba walikuwa watu wa magendo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama aliyewahi kupigwa au kunyang'anywa penye kizuizi haamini kwamba askari yule yule leo amesimama pale kumwonyesha njia.

Wamo pia watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za mikono za magurudumu matatu, ambao Busia ni mashuhuri kwao. Kwa miaka mingi wameishi kwa kuvusha mizigo ya wafanyabiashara. Njia za panya zina tope na mabonde. Baiskeli ya magurudumu matatu haipiti huko. Kwa hiyo mpaka ulipofungwa, wao walifungiwa kabisa, na ulipofunguliwa walikuta mizigo imekwisha pata wabebaji wengine wenye miguu yao.

Wa tatu ni walimu na wanafunzi wa upande wa Uganda. Kenya ilirudisha wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Uganda ilirudisha baadhi ya madarasa tangu Oktoba 2020, ikafunga tena Juni 2021, na shule zote zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miezi 22 tangu kufungwa mara ya kwanza. Walimu wengi wa shule za binafsi hawakuwa na mshahara muda wote huo. Walifyatua matofali, waliuza mboga, waliendesha pikipiki. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya Uganda ilikadiria kwamba wanafunzi 30 katika kila 100 huenda wasirudi tena. Waliorudi walipandishwa darasa wote, na mwalimu akajikuta mbele ya watoto warefu waliosahau kusoma. Msichana aliyekuwa mwanafunzi alikuja na mtoto mgongoni, au hakuja. Mwalimu aliyekuwa amezoea fedha ya kila siku sokoni alijiuliza kama chaki itamlisha. Huyo hakuwa mvivu. Alikuwa akipima maisha ya nyumba yake.

Hayo tumeyaeleza kwa urefu ili ndugu askari wajue ni watu wa namna gani waliopita mbele yao siku za kufunguliwa. Sasa tumtazame askari mwenyewe.

Wenzake walipoamriwa kukaa nyumbani, yeye aliamriwa kutoka. Alisimama barabarani usiku bila kujua kama anayemkaribia ameambukizwa. Alikaa katika kambi na nyumba za polisi zilizojaa, ambamo kukaa mbali na mwenzako ni maneno tu. Wengi hawakuziona familia zao kwa miezi mingi, kwa sababu likizo zilisimamishwa na magari hayakusafiri. Chanjo zilipoanza kutolewa Machi 2021, majeshi ya usalama yaliwekwa katika makundi ya mbele pamoja na wauguzi na walimu, na hiyo ilikuwa haki. Wananchi wanapohesabu waliolitumikia taifa katika msiba ule, askari asiachwe nje ya hesabu.

Lakini ukweli una upande wa pili, na askari mwema haukimbii. Katika siku zile za mwanzo askari alipewa uwezo ambao hakuwa nao kabla. Aliweza kumrudisha mtu nyumbani, kufunga duka lake, kukamata chombo chake, kwa neno moja tu. Wako waliotumia uwezo huo kwa busara, na wako walioutumia vibaya. Mwishoni mwa Machi 2020 jeshi la Uganda liliomba radhi baada ya wanawake wachuuzi kupigwa jijini Kampala, na Julai mwaka huo vijana wa LDU waliondolewa katika doria wakarudishwa mafunzoni. Nchini Kenya, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, siku chache tu baada ya kafyu kuanza. Tarehe 1 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wananchi radhi kwa mabavu yaliyotumika. Mapema Juni, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi nchini humo ilisema imepokea habari za vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Watu hao 15 hawakuuawa na ugonjwa.

Uwezo wa namna hiyo una ladha yake. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Penye kizuizi ambapo mama mwenye kapu la nyanya alilazimika kuacha kitu ili apite, palikuwa na askari aliyeanza kuihesabu kamba kuwa shamba lake. Siku amri ilipofutwa, wengi katika majeshi walishusha pumzi. Hata hivyo tusidanganyane: walikuwapo waliohuzunika moyoni. Hao walibaki na magogo barabarani wakati sheria iliyoyaweka haipo tena. Mwananchi asiyejua kwamba amri imekwisha aliendelea kutoa. Huyo askari alikuwa kazini kila siku kwa hesabu ya daftari, na bado hakuwa amerudi kazini.

Hii ndiyo hoja yetu. Kazi ya askari katika siku za kawaida ni kulinda njia ili watu wapite salama. Siku za maradhi aliazimwa kazi nyingine, ya kuzuia watu wasipite. Cha kuazima hurudishwa. Mwalimu alirudi darasani, mchuuzi alirudi sokoni, na askari alipaswa kurudi kutoka kwenye fimbo hadi kwenye sheria ya kila siku. Marejeo hayo hayana kengele wala sherehe. Hufanyika ndani ya mtu, na kwa hiyo ni rahisi kuyaahirisha.

Tunajua jibu litakalotolewa. Wako maofisa wenye uzoefu wasemao kwamba bila ukali watu wasingesikia, na ugonjwa ungewamaliza. Jibu hilo lina uzito, wala hatulidharau. Pale Malaba upimaji uligundua wagonjwa wengi ambao wangeingia nchini bila kujulikana. Askari aliyelegea kwa ajili ya urafiki au kwa ajili ya noti aliweza kuua kijiji kizima. Ulinzi wa mpaka ulihitaji uthabiti. Lakini uthabiti na kipigo ni mambo mawili. Mama aliyepigwa hakubaki nyumbani. Alitafuta njia nyingine mbali zaidi na macho ya askari, akapita usiku bila kupimwa, na kama alikuwa na ugonjwa, aliupitisha nao. Kila fimbo iliyopigwa penye kizuizi ilifungua njia mpya ya panya, na hasara hiyo ya ulinzi ofisa yeyote wa mpakani anaweza kuihesabu.

Isitoshe, wakazi wa Busia wana kumbukumbu ndefu. Disemba 1987 walinzi wa pande mbili walirushiana risasi katika mji huo, watu wakafa, na mpaka ukafungwa mpaka Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walipokutana Malaba mwishoni mwa mwezi ule. Wazee waliokuwa vijana wakati huo waliona tena bunduki na kamba mwaka 2020, wakawaambia wajukuu wao wanyamaze. Kwa mwananchi wa mpakani, amri inapita na sare inabaki. Jinsi askari anavyofungua njia leo ndivyo atakavyoaminiwa atakapoifunga kesho.

Basi tunashauri mambo manne.

Kwanza, kila kizuizi kiwekwe kwa amri iliyoandikwa na yenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika, magogo yaondolewe siku ile ile mbele ya watu. Mkuu wa kituo atoke mwenyewe atangaze sokoni kwamba amri imekwisha, kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili. Mwananchi asiachwe kubahatisha.

Pili, makamanda wa pande mbili waelewane saa. Tangu mwaka 2018 maofisa wa forodha na uhamiaji wa Kenya na Uganda wanakaa chini ya paa moja pale Busia. Haifai walioko dirishani waelewane, na walioko kwenye doria mita chache kutoka hapo wawe kama watu wa dunia mbili. Ikiwa sheria za nchi mbili zinatofautiana, wananchi waelezwe tofauti hiyo kabla ya kukamatwa.

Tatu, askari naye ahudumiwe. Mtu aliyekaa miezi mingi akiogopwa na kuogopa, aliyeona wenzake wakiugua, aliyewapiga watu au kuona watu wakipigwa, anahitaji mapumziko na mtu wa kuzungumza naye. Kumhamisha tu kutoka kizuizi kimoja hadi kingine ni kuhamisha uchungu wake pia. Hapa wajibu ni wa wakubwa, wala usiachiwe askari wa cheo cha chini.

Nne, lugha irudishwe mahali pake. Kwa muda mrefu nchini Uganda Kiswahili kilisikika kwanza kinywani mwa askari, na mara nyingi kilisikika kama amri: simama, lala chini, rudi. Busia na Malaba zina bahati kwamba Kiswahili huko ni lugha ya bei na ya utani pia. Siku za Korona kiligeuka tena kuwa lugha ya kufukuza. Askari anaweza kukirudisha bila gharama yoyote. Neno "mama, leo unapeleka nini?" likisemwa bila mkono kunyooshwa kuomba kitu, litaponya mengi kuliko hotuba.

Hatutarajii kwamba haya yatafanyika bila kusitasita. Dereva alisitasita, mchuuzi alisitasita, mwalimu alisitasita, na wote walikuwa na sababu. Askari naye ana ruhusa ya kuwa na mioyo miwili. Anaweza kuchoka na kazi ile na bado akakumbuka uzito wa sauti yake wakati barabara nzima ilipokuwa ikimsikiliza. Asione haya kwa kuwa na hisia hizo, mradi asizigeuze kuwa sheria yake mwenyewe.

Leo akina mama wanavuka tena Busia tangu alfajiri, makapu kichwani, na malori yanapita Malaba kuelekea Tororo chini ya ule mwamba unaoonekana kutoka mbali. Bado wako wanaozunguka kwa nyuma, ingawa mlango wa mbele uko wazi. Tunamwomba kila ndugu askari wa mpaka huu awatazame hao kwa makini kabla ya kuwafukuzia vichakani. Siku wengi wao watakapoacha kichaka kwa hiari yao na kuja kupita mbele yake, wakamsalimu naye akaitikia, hapo atajua kwamba naye amerudi kazini.